Namna ya Kupunguza Gharama za Chakula cha Nyumbani

Anayetaka kupunguza gharama za chakula kwa kawaida huanza kwa kutafuta duka lenye bei nafuu, ilhali sehemu kubwa ya fedha zake hupotelea jikoni kwake mwenyewe. Ripoti ya Mpango wa Umoja wa Mataifa wa Mazingira (UNEP) iliyotolewa mwaka 2024 ilikadiria kuwa chakula kilichotupwa na kaya, migahawa na maduka mwaka 2022 kilifikia tani bilioni 1.05, na asilimia 60 ya kiasi hicho ilitoka majumbani. Kilichotupwa kilikuwa kimekwisha kulipiwa, na hakuna punguzo la dukani linaloweza kukirudisha.

Kwa hiyo, kabla ya kutoka nyumbani, kagua kabati, jokofu na vyombo vya nafaka, kisha panga milo ya juma ukianza na vitu vinavyokaribia kuharibika. Baada ya hapo ndipo uandike orodha ya vinavyopungua, na kila kitu kiandikwe pamoja na kiasi chake. Aliyeandika “mafuta” bila kutaja ni lita ngapi amemwachia muuzaji uamuzi. Ni vyema pia kuacha mlo mmoja au miwili bila kuupangia chochote, kwa kuwa mabaki hayakosekani, na ratiba iliyojaa kupita kiasi huwa haifuatwi.

Ukifika dukani, usilinganishe bei ya pakiti kwa pakiti, bali bei ya kila kilo au lita, ambayo hupatikana kwa kugawanya bei kwa uzito au ujazo uliochapishwa kwenye lebo. Hesabu hii huchukua muda mfupi kwa simu, nayo hufichua mambo mawili ambayo macho hayayaoni. La kwanza ni kwamba pakiti kubwa si lazima iwe nafuu kuliko ndogo. La pili ni kwamba mtengenezaji anaweza kupunguza uzito huku akiacha bei ilivyokuwa: pakiti ya gramu 500 ikipunguzwa hadi gramu 450, bei ya kila gramu imepanda kwa takriban asilimia 11, ingawa mnunuzi anatoa fedha zilezile. Tazama pia rafu za juu na za chini kabisa, kwani usawa wa macho ndipo maduka mengi huweka bidhaa yanazotaka ziuzwe zaidi. Ushauri wa kwenda dukani ukiwa umeshiba umerudiwa hadi umechosha, lakini una ukweli wake.

Ofa ya kununua mbili na kupewa ya tatu bure ina faida kwa sabuni, chumvi au kitu kingine kisichooza upesi. Kwa mboga za majani, ile ya tatu mara nyingi huishia kwenye taka. Hata kununua nafaka kwa jumla kunahitaji tahadhari, kwa sababu gunia linaloingiwa na wadudu kabla halijafika nusu hugharimu zaidi ya rejareja. Familia ndogo ingefaidika zaidi kwa kununua pamoja na jirani na kugawana siku hiyohiyo.

Uhifadhi ndio unaolinda yote hayo. Jokofu liwe na nyuzijoto 4 za Selsiasi au chini kidogo, na friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Vitunguu na viazi vitengwe, kila kimoja mahali pakavu penye giza na hewa, na ndizi mbivu zikae mbali na matunda mengine, maana gesi ya ethilini inayotoka kwake huyaivisha haraka. Kila unaponunua kipya, kiweke nyuma ya kilichotangulia.

Soma pia maneno yanayoambatana na tarehe kwenye lebo. “Tumia kabla ya” huhusu usalama, na tarehe yake isipuuzwe. “Bora kabla ya” huhusu ladha na ubora, hivyo chakula kikavu kilichopita tarehe hiyo kidogo, kikiwa kimefungwa vizuri na hakina dalili ya kuharibika, kwa kawaida bado kinalika. Mabaki ya chakula kilichopikwa yaingie kwenye jokofu ndani ya saa mbili, yakiwa katika vyombo vifupi ili yapoe upesi, na yaliwe ndani ya siku tatu au nne. Yanayozidi hapo yagandishwe mapema, kila chombo kikiwa na tarehe yake.