Kuchagua eksheni ya bunduki ya shabaha, kwa sisi wa Mombasa

Haya, wale mnaoniuliza eksheni gani mchukue, nawaandikia vile huwa napangia watu. Eksheni ndio kile chuma cha katikati, bolti, ile fito inayosukuma risasi na kufunga nyuma ya mtutu, inaingia na kutoka humo, mtutu unafungwa mbele na triga inaning'inia chini. Mtutu utakwisha ubadilishe, kitako utachoka nacho uuze, eksheni itabaki, so pesa ikiwa haitoshi punguza kwengine.

Hatua ya 1: makaratasi. Usitume hata shilingi kabla hujaongea na Firearms Licensing Board, manake Firearms Act, Cap 114, inahesabu hata kipande cha bunduki kuwa ni bunduki, usijidanganye ati ni spea tu. Pitia kwa dila mwenye leseni, na ukiagiza Marekani wao pia wana kibali chao cha kuitoa huko. Mtu akikwambia ataipenyeza na kontena la mitumba pale Kilindini, mkimbie.

Hatua ya 2: mchezo gani? F-TR na F-Open ni mashindano ya shabaha ya mbali ukiwa umelala chini. F-TR ni risasi za .223 Remington au .308 Winchester peke yake, na bunduki yote na skopu na miguu yake isizidi kilo 8.25, F-Open ni kilo 10. Kama ni kulala chini na kutia risasi moja moja, chukua eksheni isiyo na tundu la magazini, chuma cha chini kimebaki kizima kwa hivyo haipindiki kirahisi. PRS, yale mashindano ya kukimbia huku na huku na kupiga kwa kuhesabiwa muda, magazini lazima.

Hatua ya 3: umbo la chini, yaani pale eksheni inapokalia kitako na kufungwa triga. Remington 700 ilitoka 1962 na mpaka leo watengenezaji wengi wanafuata umbo lake, Defiance, Impact, Origin ya Zermatt, hao wote, na faida yake ni kwamba vitako na triga za 700 zimejaa sokoni. Barnard ya New Zealand mimi naipenda mno kwa kulala, laini ajabu, lakini ina umbo lake na triga yake, sasa triga ikifa hapa Pwani utasubiri spea mpaka uchoke.

Hatua ya 4: chumvi. Hii watu wa bara hawaijui. Hewa yetu inakula chuma kama mchwa, na hata stenlesi inashika kutu, hasa ukiifungia kwenye kesi ya sponji ikiwa na jasho la mikono. Tafuta iliyopigwa naitraidi au DLC, hizo ni dawa za kuukaza uso wa chuma usishike kutu, ikishindikana stenlesi, ile nyeusi ya kawaida wachia wenzetu wa Nanyuki. Na usiitafute iliyobana kupita kiasi kwa sababu ya sifa, mchanga ukiingia bolti inakwama, zile bolti zilizochongwa mifereji zinasaidia kidogo.

Hatua ya 5: bolti. Uso wa bolti ndio unaoshika kitako cha risasi, kwa hivyo upana wake lazima ulingane nacho. Uso wa inchi .473 unachukua risasi za .308, 6.5 Creedmoor na ndugu zao 6mm BR na Dasher, .223 inataka .378, magnum .532. Origin unabadilisha kichwa cha bolti tu bila kununua bolti nzima, na hapo ndipo naipendea. Halafu meno, zile nundu za bolti zinazojifunga ndani ya eksheni: kwa kawaida yakiwa mawili unainua mkono wa bolti digrii 90, matatu ni 60, hii ya pili ni fupi lakini nzito kuinua, jaribu ya mwenzako renji kwanza.

Hatua ya 6: mtutu. Uliza kama wanauza mitutu iliyokatwa tayari kwa eksheni hiyo, hapo fundi mwenye leseni ataufunga na kupima nafasi ya risasi kwa geji, vile vipande vya chuma vya kipimo: ya GO bolti ifunge, ya NO-GO ikatae. Ikifunga kwenye NO-GO hiyo bunduki haipigwi, full stop.

Mzigo ukifika, soma namba iliyochongwa kwenye chuma na iliyo kwenye kibali, herufi kwa herufi, ndio utie sahihi.