Namna ya kupima hoja ya "hata intaneti ilidharauliwa"

Ukionyesha shaka kidogo tu kuhusu kripto (sarafu za kidijitali kama Bitcoin), utajibiwa kwamba hata intaneti waliicheka, na bado ikaenea. Kabla hujaikubali hoja hiyo au kuitupa, ipime.

Anza na mwaka wa kuanzia kuhesabu, maana michoro mingi ya kulinganisha ukuaji wa kripto na wa intaneti hupindishwa hapo. Bitcoin ilianza 3 Januari 2009. Intaneti je? ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, ni ya 1969, TCP/IP, kanuni za kompyuta kuwasiliana, ikaanza kutumika rasmi 1 Januari 1983, wavuti ikaachiwa umma bure Aprili 1993. Anayeanzia 1969 atakuonyesha kripto inakimbia. Anayeanzia 1993, inajikokota. Mizani ya haki ni 1993 kwa 2009, pale mtu wa kawaida alipoweza kujaribu.

Kisha hesabu watu, si anwani, yaani namba za kupokelea sarafu. Mtu mmoja hufungua anwani mia bila kulipa chochote, huku soko la kubadilishia sarafu likiweka fedha za wateja maelfu kwenye anwani chache. Idadi hukosewa pande zote mbili. Kwa Bitcoin kuna kipimo kizuri zaidi: mnyororo wake, yaani daftari la wazi la miamala, hubeba miamala kama 7 kwa sekunde. Zidisha kwa sekunde 86,400, unapata takribani 600,000 kwa siku. Ukiambiwa mamilioni hulipana kwa Bitcoin kila siku, uliza malipo hayo yanapita wapi. Yakiwa kwenye daftari za kampuni au mtandao wa Lightning (malipo ya Bitcoin nje ya mnyororo), yahesabu kando. Bei usiiguse kabisa, inapima wabashiri.

Wapinzani nao wasomwe kwa makini. Robert Metcalfe, mmoja wa wabunifu wa Ethernet (teknolojia ya kuunganisha kompyuta kwa waya), alitabiri mwaka 1995 kuwa intaneti ingeporomoka 1996. Haikuporomoka; 1997 akaisaga makala yake kwa maji na kuinywa mbele ya hadhira. Alikosea, lakini alitaja kitu na tarehe. "Ni utapeli tu" haipimiki, wala "siku moja dunia nzima itaitumia".

Mwisho, tenga teknolojia na mali yako. Pets.com, duka la mtandaoni la bidhaa za wanyama wa kufugwa, ilifungwa Novemba 2000 intaneti ikiendelea kukua; Mt. Gox, soko la kubadilishia Bitcoin, ilianguka 2014 na Bitcoin ikabaki. Basi chukua sarafu moja unayoifikiria, iandike jina juu ya karatasi, urudie hesabu ya watu na miamala kwa hiyo peke yake.