Namna ya Kuhesabu Saa za Mazoezi Kabla ya Msimu wa Hoki ya Barafuni Vyuoni Marekani

Mchezaji mpya wa hoki ya barafuni katika Daraja la Kwanza la NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo nchini Marekani, haruhusiwi kuanza mazoezi kabla ya kupimwa na daktari. Upimaji wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, nao uliongezwa katika daraja hilo mwaka 2010. Akishapita hapo, afungue daftari la kuandikia saa zake za mazoezi, kwa maana uchovu wa Septemba humfuata mchezaji hadi Machi.

Chuo kikiwa kimefunguliwa lakini mazoezi rasmi hayajaanza, kocha anaweza kumfanyisha mazoezi kwa saa zisizozidi 8 kwa juma, na siku 2 ziwe za mapumziko. Mazoezi rasmi yakianza, kikomo hupanda hadi saa 4 kwa siku na 20 kwa juma, pamoja na siku 1 ya mapumziko. Siku ya mechi huandikwa saa 3, hata mechi ikirefuka.

Wengi huhesabu muda wa barafuni peke yake, na hapo ndipo hesabu inapoharibika. Tuseme Jumanne mchezaji amenyanyua vyuma kwa dakika 60 chini ya kocha wa viungo, akatazama video za mechi na kocha kwa dakika 40, kisha akafanya mazoezi barafuni kwa dakika 50: aandike saa 2 na nusu. Matibabu ya jeraha na muda wa safari haviingii.

Linalohitaji uangalifu zaidi ni mazoezi yanayoongozwa na nahodha, ambayo hayahesabiwi mradi tu yawe ya hiari kwelikweli. Wazo litoke kwa wachezaji wenyewe, kocha asiagize wala kuhudhuria, asipelekewe taarifa ya yaliyofanyika wala orodha ya waliofika, na asiyekuja asiadhibiwe kwa namna yoyote. Nahodha anayetuma majina kwa kocha, hata kwa nia njema, amekwisha kuyaondolea mazoezi hayo uhiari wake. Mchezaji akihisi analazimishwa, amwone mapema afisa wa chuo anayesimamia kanuni, akiwa na daftari lake mkononi.

Ratiba ikigongana na kipindi, aende darasani: kanuni haimruhusu kukosa kipindi kwa ajili ya mazoezi, isipokuwa yale yanayoambatana na mechi ya ugenini.