Kufufua bodi ya LGA775: kuanzia dukani hadi kubadilisha kapasita

Bodi za soketi LGA775 (soketi ni mahali pa kukalia prosesa) zilianza kutoka mwaka 2004 na Pentium 4, kisha zikabeba Core 2 Duo na Core 2 Quad. Kwa anayetaka kujifunza kufufua ubao mama, hakuna nzuri kuzishinda. Zipo tele kwenye maduka ya kompyuta za mtumba, sehemu zake zinaonekana kwa macho, na ugonjwa unaoziua mara nyingi ni mmoja: kapasita (vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme) zilizovimba. Mwongozo huu ni wa mtu aliyewahi kushika pasi ya kulehemu, hata kama ni kwa kuunga waya wa redio tu.

Hatua ya 1: Kununua

Beba tochi, kioo cha kukuza na mita. Muuzaji akikuambia "inawaka", maana yake feni inazunguka. Hilo halithibitishi kitu.

Anza na soketi. Kwenye LGA775 pini ziko kwenye bodi, si kwenye prosesa. Mulika kutoka ubavuni: pini zote zing'ae sawasawa kwa mistari. Ukiona doa jeusi au mng'ao ulioelekea kwingine, kuna pini iliyolala. Moja au mbili hunyooshwa kwa sindano na subira. Zikifika kumi, rudisha bodi kwenye rafu.

Kisha weka mita kwenye mlio. Ncha nyeusi iguse tundu la skrubu, nyekundu iguse pini mbili za upande wa klipu kwenye kiunganishi cha pini 4 kilicho karibu na prosesa. Hapo ndipo volti 12 zinapoingia. Mita ikilia mfululizo, karibu kila mara ni mosfeti (swichi ya kielektroniki inayoipatia prosesa umeme) iliyoungua, usinunue. Lakini usipime koili zilizozunguka prosesa kwa mtindo huohuo ukashtuka: ukinzani wa pale ni mdogo sana hata kwa bodi nzima, na mita nyingi hulia tu.

Kapasita zikiwa zimevimba, furahi kimyakimya na uzitumie kuteremsha bei. Kinachotakiwa kukutisha ni ukungu wa kijani. Bodi iliyokaa miaka Mombasa, Tanga au Unguja imekula hewa ya chumvi, na uchafu wa mende nao hushika unyevu ukala njia za shaba. Kijani juu ya miguu ya soketi ya RAM kinasafishika. Kikiwa pembezoni mwa chipu kubwa, iache.

Kuhusu chipseti (chipu kuu inayoratibu bodi), chagua G41 yenye DDR3. Inafika GB 8 na RAM zake hazisumbui kupatikana. G31 ni ya DDR2 na inaishia GB 4. Zile za 915 haziendeshi Core 2 kabisa. Jihadhari pia na RAM za DDR2 za GB 4 kwa kijiti kimoja zinazouzwa rahisi: nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya bodi za AMD, na kwenye chipseti ya Intel hazisomeki.

Hatua ya 2: Kusafisha

Brashi laini ya meno na spiriti ya isopropili ya asilimia 99. Miguu ya RAM isugue kwa kifutio cheupe. Acha ikauke kabisa.

Hatua ya 3: Pawa saplai kwanza

Usijaribu bodi kwa pawa saplai usiyoijua. Chomeka diski moja, hata mbovu, iwe mzigo, unganisha waya wa kijani wa plagi ya pini 24 na mweusi wowote, kisha pima. Njano iwe kati ya volti 11.4 na 12.6, nyekundu 4.75 hadi 5.25, chungwa 3.14 hadi 3.46. Ikitoka nje ya hapo, tafuta nyingine. Usiifungue kuitengeneza kwa mazoezi: kapasita zake kubwa hushika zaidi ya volti 300 hata ukishachomoa waya ukutani.

Hatua ya 4: Kuwasha nje ya kasha

Laza bodi juu ya mbao au kadibodi kavu. Usiiweke juu ya ule mfuko wa kijivu unaong'aa, kwa sababu upande wake wa nje unaweza kupitisha umeme. Weka prosesa na feni, plagi ya pini 24, plagi ya pini 4, na spika ndogo ya kesi. Usiweke RAM. Kisha gusanisha pini mbili za swichi kwa bisibisi.

Unachotafuta ni malalamiko. Bodi ikilia mfululizo kwa kukosa RAM, prosesa inafanya kazi na BIOS (programu inayoamsha bodi) inasomeka. Nusu ya vita umeshinda. Weka kijiti kimoja cha RAM, unganisha skrini, endelea.

Isipolia, hakikisha ile plagi ya pini 4 imeingia. (Bodi ngapi zimetupwa kwa sababu ya plagi hiyo, Mungu ndiye ajuaye.) Halafu chomoa umeme, toa betri ya CR2032, hamisha jampa ya CMOS (kifuniko kidogo kinachofuta mipangilio ya BIOS) kutoka pini 1-2 kwenda 2-3 kwa sekunde kumi, irudishe. Betri iliyoshuka chini ya volti 2.8 weka mpya.

Feni ikizunguka sekunde moja, ikazima, ikarudia tena na tena, nenda moja kwa moja kwenye kapasita.

Hatua ya 5: Kapasita

Hapa ndipo bodi nyingi zinapouawa na fundi mwenyewe, kwa hiyo usikimbie.

Kabla ya kugusa chochote, piga picha kila kapasita. Mstari kwenye ganda la kapasita ni upande wa hasi. Alama iliyochapwa kwenye bodi haiaminiki, maana kuna watengenezaji waliopaka rangi upande wa hasi na wengine upande wa chanya. Ukishaitoa, pima: tundu lenye ukinzani mdogo zaidi kuelekea tundu la skrubu ni la hasi (karibu na prosesa yote mawili yanaweza kulia, kwa hiyo soma namba, usisikilize mlio). Kapasita iliyogeuzwa hulipuka, na hulipukia usoni.

Andika namba zake. Upande unaoingia volti 12 utakuta za volti 16. Upande wa prosesa ni za volti 6.3 au chini kidogo, mara nyingi kati ya maikrofaradi 820 na 3300. Volti za mpya zilingane au zizidi, zisipungue hata kidogo. Uwezo unaweza kupishana kwa asilimia 20 bila shida. Kipenyo nacho pima: milimita 8 na 10 hazibadilishani pale nafasi ilipobana chini ya feni.

Jambo ambalo wengi hulipuuza ni aina. Lazima ziwe za ukinzani mdogo wa ndani, za nyuzi 105. Kapasita ya kawaida ya redio ina maikrofaradi zilezile na itaiwasha bodi, kisha itavimba baada ya wiki kadhaa. Nunua Panasonic FM au FR, Rubycon, Nichicon au Nippon Chemi-Con za kundi hilo. Using'oe nzima kutoka bodi nyingine ya zama zilezile ukadhani umeokoa pesa. Na zikivimba mbili kati ya sita zilizo pamoja, badilisha zote sita.

Sasa kutoa. Mguu wa chanya utayeyuka bila taabu. Wa hasi utakataa, kwa kuwa umeshikana na tabaka pana la shaba ndani ya bodi, na shaba hiyo inanyonya joto lote. Isitoshe, bodi nyingi za baada ya 2006 zimelehemiwa kwa madini yasiyo na risasi, ambayo huyeyuka karibu nyuzi 217. Kwa hiyo:

Tumia pasi ya wati 60 au zaidi, yenye ncha bapa. Ncha ya sindano na wati 25 haifai hapa. Utakaa dakika mbili, pete ya shaba itabanduka, na kazi imeisha. Paka fluksi, kisha ongeza risasi mpya ya kulehemu ya 63/37 (bati 63, risasi 37 kwa mia) kwenye miguu yote miwili. Inachanganyika na ile ya zamani na kuteremsha kiwango cha kuyeyuka. Pasha eneo lote kwa bloa au mashine ya kukaushia nywele mpaka liwe moto usioshikika kwa kidole, ndipo uweke pasi kwenye nyuzi 380 hivi. Yeyusha mguu mmoja huku ukiinamisha kapasita kidogo, hamia mwingine, inamisha upande wa pili, hivyo hivyo mpaka itoke. Usivute kwa nguvu. Ndani ya tundu kuna bomba jembamba la shaba linalounganisha matabaka. Likitoka na mguu wa kapasita, hakuna wa kulirudisha.

Kuzibua tundu, pasha upande mmoja na chomeka kijiti cha meno upande wa pili. Bomba la kufyonza risasi husaidia kwenye chanya, kwenye hasi mara nyingi hushindwa. Usitumie drili kamwe.

Hatua ya 6: Kuthibitisha

Washa tena na upime kwenye koili, ncha nyeusi kwenye skrubu. Prosesa ya Core 2 ipate volti 1 hadi 1.4, RAM 1.8 kwa DDR2 au 1.5 kwa DDR3. Volti zikiwa sawa na bado kimya, jaribu prosesa nyingine kabla ya kushuku BIOS. Chipu ya BIOS yenye miguu 8 husomwa kwa kifaa cha CH341A: isome mara mbili, linganisha mafaili, hifadhi nakala, ndipo uandike mpya.

Ikionyesha picha, endesha Memtest86+ (programu ya kupima RAM) mizunguko minne. Kosa moja tu linatosha kukataa kijiti hicho cha RAM; kisogeze soketi nyingine ujue mkosaji ni nani.

Hatua ya 7: Mfumo

Windows 11 kuanzia toleo la 24H2 haiwaki kwenye Core 2, kwa kuwa prosesa hizo hazina amri ya POPCNT. Weka Linux Mint ya XFCE na SSD ya GB 120.