Jinsi ya kuwapima wachezaji wa vyuo kabla ya drafti ya NFL

Katika drafti, timu za NFL, ligi kuu ya kandanda ya Kimarekani, huchagua wachezaji wa vyuo kwa zamu, raundi baada ya raundi. Kabla hujamtetea kijana yeyote wa chuo kikuu, tazama mechi zake tatu nzima. Video fupi za mbwembwe hazina makosa yake. Moja kati ya hizo iwe dhidi ya timu kali.

Ukimtazama kwotabeki, yaani mrushaji mkuu wa pasi, usiufuate mpira. Angalia miguu yake. Akibanwa na mabeki, je, anasogea hatua moja mbele huku macho yakiwa kwa wapokeaji, au anageuka na kutimua mbio? Hesabu ni mara ngapi anamrushia mtu wa pili au wa tatu baada ya yule wa kwanza kukabwa. Hapo ndipo wengi hukwama, maana mifumo mingi ya vyuoni humtafutia pasi moja ya haraka, na mabeki wa NFL huizima.

Vipimo vya Indianapolis, ambako wachezaji hupimwa mbio na nguvu kabla ya drafti, vije baadaye. Mbio za yadi 40, yaani kama mita 36.6, hushabikiwa kupita kiasi. Mpokeaji John Ross alizikimbia kwa sekunde 4.22 mwaka 2017, akachukuliwa wa 9, lakini hakutamba. Tom Brady, aliyetumia sekunde 5.28, alichukuliwa wa 199 mwaka 2000, akaja kuwa kwotabeki nguli! Kwa majitu ya mstari wa mbele, soma muda wa yadi 10 za mwanzo tu, kwani ni nadra wao kukimbia 40 uwanjani.

Wapange wachezaji kwa uwezo kwanza, ndipo uangalie mahitaji ya timu. Ukiyachanganya, utampandisha mchezaji wa raundi ya 3 hadi ya 1 kisa timu yako haina beki.