Soksi za Ughaibuni: Soma Lebo Kwanza

Msimu wangu wa kwanza wa baridi Minneapolis nilivaa pea mbili za soksi za pamba, moja juu ya nyingine, nikaenda kituoni kungoja basi. Basi halijafika, vidole vimeshakufa ganzi. Nikadhani nimevaa chache. Kumbe kosa lilikuwa pamba yenyewe, na huko kurundika.

Pamba hunyonya jasho ikakaa nalo. Hata nje kukiwa nyuzi 20 chini ya sifuri, mguu ndani ya buti hutoka jasho, hasa ukikazana kutembea au ukiingia dukani penye joto kisha ukatoka tena. Soksi ikishalowa, mguu unapoa upesi. Na pea mbili ndani ya buti la kutosha pea moja zinabana: damu haipiti vizuri, na ile hewa kidogo inayotunza joto haina pa kukaa. Nunua sufu, hasa ya merino, yaani ya kondoo wenye manyoya laini. Haiwashi kama ile ya mablanketi, na hupasha mguu hata ikiwa na unyevu. Geuza pakiti usome lebo, maana nyingi zinazouzwa kuwa za baridi ukizitazama ni pamba kwa sehemu kubwa. Bei ya sufu inauma, lakini pea tatu za kubadilishana zinatosha msimu mzima. Zioshe kwa maji ya baridi, uzianike. Mashine ya kukaushia huzifanya zinywee zikabaki za mtoto.

Wanaofanya kazi kwenye maghala, buti lenye chuma vidoleni siku nzima, soksi ipande juu kuliko shingo ya buti, la sivyo utachubuka. Beba pea ya kubadilisha wakati wa mapumziko. Fangasi hupenda mguu uliolowa.

Kwa suti, usaili au msiba: rangi ya suruali au nyeusi, na ndefu, ili ukikaa muundi usionekane. Zile fupi za kifundoni ziache kwa raba.

Kwenda kutembelea watu Sweden, Norway au Kanada, jua kwamba viatu vinabaki mlangoni. Ada hiyo si ngeni kwetu watu wa Pwani, ila kwetu huingia miguu mitupu. Kagua kisigino cha soksi kisiwe na tundu kabla hujatoka nyumbani.

Kwa wanaoswali, kupangusa juu ya soksi badala ya kuosha miguu kunasaidia sana kazini: mkazi siku moja na usiku wake, msafiri siku tatu, mradi ulizivaa ukiwa na udhu. Lakini sisi wa madhehebu ya Shafi hutakiwa iwe nene na imara ya kutembelea, kwa hiyo soksi nyembamba ya ofisini haitoshi. Muulize shehe wako.

Safari ya Nairobi hadi New York ni takriban saa 15 kitini. Hapo soksi maalumu za kubana (compression), zinazofika chini ya goti, hupunguza uvimbe na hatari ya damu kuganda. Mwenye matatizo ya mishipa ya miguu amwone daktari kwanza.

Na ukimpokea mzazi mwenye kisukari, mnunulie soksi zisizo na lastiki kali wala mshono mnene vidoleni, na ziwe za rangi nyeupe. Huenda mguu wake hauhisi kidonda, lakini doa la damu wewe utaliona jioni ukimvua.