Dawa ya maumivu kwa mtoto mchanga mwenye manjano: mambo ya kupima kabla ya kuchota

Kwenye damu, bilirubini (rangi ya manjano itokayo chembe nyekundu zinapovunjika) hushikwa na albumini, protini ya damu. Iliyoshikwa haidhuru ubongo. Iliyo huru ndiyo hupenya. Dawa inayoshindania nafasi hiyohiyo huing'oa.

1. Isome albumini pamoja na bilirubini. Kinadharia, gramu moja ya albumini hushika takriban mikromoli 15 za bilirubini, kwa hiyo gramu 30 kwa lita zingeshika mikromoli 450. Usiifanye hiyo kuwa mpaka wako: njiti (aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia) au mtoto mwenye maambukizi hushika pungufu. Albumini chini ya gramu 30 kwa lita ni hatari tayari.

2. Aspirini, hapana kabisa. Ibuprofeni usiitumie kwa maumivu ya kichanga. Ikizidi kwenye damu nayo hung'oa. Linalodanganya wengi ni kwamba jumla ya bilirubini haipandi. Huweza hata kushuka, kwa kuwa iliyong'olewa imehamia kwenye tishu. Ndivyo ilivyokuwa kwa njiti waliopewa antibiotiki ya sulfisoksazoli Marekani, kwenye utafiti wa 1956: wengi zaidi walikufa, ubongo umeingia manjano. Basi karatasi ya majibu ya damu ikipendeza, bado mtazame mtoto: ananyonya? Amelegea? Analia kwa sauti nyembamba, anapinda mgongo?

3. Muulize mama, na bibi pia, mtoto amepakwa nini. Dawa nyingi za kuchua zina salisileti, jamii ya aspirini, nayo hupita kwenye ngozi. Uliza na nguo na kanga zilihifadhiwaje. Naftalini, ile ya vidonge vya kufukuza nondo, haigusi albumini, ila huvunja chembe nyekundu za mtoto mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe hizo, na upungufu huo Mombasa na Pwani nzima si haba.

4. Kwa kuchoma kisigino ili kutoa damu ya kupima, titi la mama latosha. Likikosekana, maji ya sukari ya asilimia 24, ml 0.5 ulimini, dakika 2 kabla.

5. Parasetamoli kwa kipimo cha kawaida haing'oi bilirubini. Mzigo wake ni wa ini. Daktari akiandika mg 10 kwa kilo, mtoto wa kilo 3 aliyezaliwa miezi ikiwa imetimia hupata mg 30. Dawa ya maji ya mg 120 kwa ml 5, hiyo ni ml 1.25, kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kijiko cha chai kizima ni mara nne ya hapo. Akiwa na homa, usiifunike kwa parasetamoli: tafuta maambukizi kwanza.

6. Pitia kadi yote. Ukikuta antibiotiki ya seftriaksoni, mpigie daktari kabla ya dozi inayofuata. Hiyo hung'oa pia.